Foleni ya Waliojaa

Jumatano, 2 Aprili

Mlima umeshuka. Mvua ya siku tatu imeangusha ukingo wa barabara hapa chini yetu, kwenye kona ya kuelekea Lushoto, na nusu ya lami imekwenda bondeni pamoja na migomba ya watu. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Iliyobaki ni njia ya gari moja, na wote wa Kwai na wa Lukozi hatuna njia nyingine ya kushuka.

Nimelitoa daftari hili kabatini. Ni la mwisho kati ya yale niliyopewa shuleni siku ya kunistaafisha, na nilikuwa nalitunzia jambo la maana.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkutano wa kijiji, watu wamejaa mpaka nje ya ofisi. Injinia wa wilaya amesema ukingo ni laini, hauwezi kubeba zaidi ya magari ishirini kwa nusu saa. Nusu saa washuke wanaoshuka, nusu saa wapande wanaopanda. Atakayezidisha atakwenda kuokota gari lake kwenye maharage ya watu.

Basi likaja swali: ishirini gani? Malori ya kabichi ya Lukozi, Noah, pikapu, gari la mtu anayekwenda Lushoto peke yake kununua vocha, wote walikuwa wanasukumana tangu Jumatano. Mtendaji wetu, Happiness, niliyemfundisha hesabu darasa la sita, akasimama na wazo lake. Foleni ziwe mbili. Robo saa ya kwanza ni ya magari yenye watu watatu au zaidi, magari kumi. Robo saa ya pili ni ya wengine, magari kumi. Anayetaka kuwahi na abebe jirani yake.

Watu waliguna. Mimi nikanyoosha mkono nikamuunga mkono, nikaeleza kwamba barabara haisafirishi mabati, inasafirisha watu, na kama gari kumi zinapitisha watu hamsini badala ya kumi na mbili, njia nyembamba imekuwa pana bila kuongezwa jiwe. Niliongea vizuri, nikajisikia nipo darasani. Nikamaliza nikakuta nimeteuliwa. Nitakaa pale konani kila asubuhi nihesabu watu na magari, na tarehe thelathini mkutano utaamua kwa hesabu zangu kama foleni mbili ziendelee mpaka barabara itengenezwe.

Mume wangu Aron alikuwa amekaa mlangoni. Hakupiga makofi.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya kwanza. Mwenye kibendera ni Abubakari, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hata mbuzi akimzuia njia anamwomba radhi. Nimepewa kiti, mwavuli, na kalamu mbili.

Mimi sikulelewa kuhesabu watu kwa kidole. Mama yangu angenichapa mkono. Na kwa mvua hii vioo vyote vimejaa ukungu, huoni ndani ila vivuli. Kwa hiyo nahesabu kwa salamu. Gari likifika kioo kinashuka kidogo, wadogo wananipa shikamoo, kila shikamoo naiwekea mstari. Rika langu tunaulizana habari, mstari. Wazee natoa shikamoo mimi, na kila marahaba ni mstari. Abubakari alipenda sana njia hii. Alisema ni hesabu yenye adabu.

Robo saa ya kwanza yalipita magari manne tu. Nafasi sita zikapotea, barabara ikakaa tupu dakika nane nzima huku foleni ya pili ikipiga honi mpaka karibu na kanisa. Dereva wa lori la karoti alishuka akaniuliza, "Mwalimu, hii barabara tumeipumzisha kwani imechoka?" Nikamjibu kama Happiness alivyotujibu sisi: zile sita tukizitoa bure, nani atahangaika kubeba jirani?

Lakini magari manne yale yalikuwa na watu ishirini na watatu. Kumi yaliyofuata, kumi na wanne. Nimeandika kwa wino mwekundu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Magari matano. Watu thelathini.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemzuia mume wangu.

Lazima niandike kwa utaratibu. Aron ndiye anayepeleka maziwa ya Kwai. Kila alfajiri anapita nyumba kwa nyumba na pikapu yake, wanawake wanamwaga kwenye keni, kaya thelathini na moja, na saa tatu asubuhi awe Mombo, ambako kuna gari lenye tangi la kupozea. Baada ya saa tatu gari hilo linaondoka au maziwa yanakuwa yameshachacha. Amefanya kazi hii miaka kumi na minne, na miaka hii miwili anaendesha peke yake. Hata mvua ikipiga watu barabarani, Aron hasimami. Kwa jambo hilo nimeona haya kanisani mara nyingi.

Leo alifika kona saa moja na nusu, akawa wa kumi na saba kwenye foleni ya pili. Abubakari alinitazama. Nikatazama daftari. Mtu mmoja ni mtu mmoja, na siwezi kuanza na mume wangu. Alipita saa tatu imeshapita. Maziwa yalipimwa Mombo yakakataliwa, keni tisa.

Jioni nilimwambia, "Baba Anord, si umchukue Marta hapo jirani na mwenzake mmoja? Kila siku wanashuka Lushoto."

"Gari la maziwa si la watu."

"Viti vitatu mbele, unakalia kimoja."

"Nimeshasema, Mwalimu."

Akiniita Mwalimu ujue mlango umefungwa. Na huu moyo wa kukalia viti vitatu peke yako mimi siuelewi, wala sijawahi kuuelewa.

Ijumaa, 11 Aprili

Hatujasemeshana. Uji umenywewa.

Jumatatu, 14 Aprili

Foleni ya waliojaa imejaa kweli! Magari kumi kila robo saa, hakuna nafasi iliyopotea. Watu wameelewa. Noah zimejaa, magari ya wakubwa kutoka Lukozi yaliyokuwa yanashuka na dereva tu sasa yana watu watatu, wanne. Marahaba zimekuwa nyingi kuliko shikamoo, maana yake hata wazee wetu sasa wanapata lifti ya kwenda hospitali na sokoni. Nilikaribia kulia. Nimemwonyesha Happiness ukurasa, akasema ataupiga picha aupeleke wilayani.

Aron alikuwa wa tatu kwenye foleni yake. Aliwahi Mombo kwa dakika tano. Wakati anapita hakushusha kioo, kwa hiyo sikuwa na salamu ya kuhesabu. Nilimwekea mstari tu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Kumi, kumi, kumi. Nimefurahi.

Alhamisi, 17 Aprili

Laiti mvua isingekatika.

Saa mbili jua lilitoka, madereva wakashusha vioo vyote. Gari jeupe likasimama, nikatoa shikamoo yangu bila kuinua macho, na ikarudi marahaba ndefu, yenye kikohozi kidogo katikati, "Marahabaa, mwanangu." Nikaweka mstari. Kalamu ikasimama hewani. Marahaba hiyo nilikuwa nimeiandika nusu saa iliyopita, ikipanda. Nikainua macho. Bibi Zuhura, ambaye nyumba yake ipo hatua thelathini kutoka kona, amekaa kiti cha mbele, kapu mapajani, kilemba kipya kichwani.

Nikasubiri. Nusu saa ya kupanda ilipofika akarudi na gari jingine. Nikatoa shikamoo nikimtazama. "Marahabaa, mwanangu." Aliitikia vizuri tu, bila wasiwasi.

Asubuhi hiyo alipita mara saba. Nyuma yake kulikuwa na mabibi wengine wanne wa jirani, wanakaa kwenye jiwe kubwa juu ya kona na wengine chini ya kona, dereva aliyepungukiwa anasimama, wanapanda, wanashushwa mita mia tatu mbele.

Nikamwendea Abubakari. "Ulikuwa unajua?"

Akatazama kibendera chake. "Mwalimu, sasa mimi nitamwambia nini Bibi Zuhura? Nimwambie shuka, wewe si abiria? Alimlea mama yangu."

Nilimfuata bibi kwenye jiwe. Nikamsalimu tena, maana salamu zangu zote za asubuhi nilikuwa nimezitumia kwa hesabu.

"Bibi, wanakupa nini hawa?"

"Mmoja alinipa kabichi. Nikamwambia asirudie, ninazo shambani."

"Sasa unapanda kwa nini?"

Alinitazama kama ninavyotazama mtoto anayeshindwa mbili kwa mbili. "Tangu mzee afariki ni mwaka wa sita. Wanangu wapo Tanga, wanapiga simu. Nani alikuja akaniambia panda twende? Sasa kila nusu saa mtu anasimama, ananifungulia mlango, ananiuliza nimeamkaje. Njia ni fupi, nakubali. Lakini ninakwenda."

Nimerudi nyumbani nikahesabu upya. Toka Ijumaa iliyopita, marahaba mia mbili na kumi na tatu. Nikiondoa sauti ninazozikumbuka, sijui kama zinabaki sitini. Magari ya foleni ya waliojaa mengi ni ya mtu mmoja na mabibi wawili wa kupitishia kona. Barabara imejaa, na haijasafirisha mtu.

Sijafuta mstari hata mmoja. Picha imeshakwenda wilayani. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na sijui nitasimamaje mbele ya wanafunzi wangu kusema nimehesabu bibi mmoja mara arobaini.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kwaya imeimba vizuri, ila besi ni nyembamba. Zamani besi ilikuwa Aron. Mwaka juzi alipasuliwa rovu la shingoni, sauti ikatoka na ufa, akaacha kwaya siku ileile aliyosikia watoto wanacheka. Nyumbani hajaimba tangu hapo. Leo alikaa benchi la nyuma, kitabu kimefunguliwa, midomo imefungwa. Wakati wa kurudi alinishika mkono penye utelezi.

Jumanne, 22 Aprili

Maziwa yamekataliwa tena. Aron alikuwa wa arobaini na moja kwenye foleni, na mbele yake, kwenye foleni ya waliojaa, nililiona gari la mtu mmoja likipita na Bibi Zuhura na mwenzake. Nikaweka mistari mitatu.

Yule mpimaji wa Mombo amemwambia Aron wazi: mara ya tatu Kwai inatolewa kwenye ratiba, gari la tangi litakuwa linawangoja watu wa upande mwingine. Marta alikuja hapa jioni, hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Anord, mimi sina shamba la karoti. Nina ng'ombe wawili tu." Kisha akaondoka na ndoo yake.

Nikamgeukia Aron. Nilikuwa na hasira, na nyingi ilikuwa juu yangu mwenyewe, lakini aliyekuwepo ni yeye. "Viti viwili, Baba Anord! Viti viwili tu! Kwa ubinafsi wako Marta auze ng'ombe?"

Hakupandisha sauti. "Nyuma nina maziwa ya kaya thelathini na moja," alisema. "Wewe unaandika mtu mmoja. Mimi si mtu mmoja, Mwalimu. Hata ningekuwa peke yangu mpaka siku ya kiyama, asubuhi mimi si mtu mmoja."

Akaenda kufunga banda la kuku. Nimekaa na sentensi hiyo. Ni hesabu, na ni sahihi, na ni mimi niliyekosea swali tangu tarehe nne.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Aron aliwahi kwa dakika mbili. Sijui nani alikuwa anasali zaidi, mimi au Marta.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya kuandika mpaka wino uishe.

Usiku kucha mvua ilinyesha, na Aron alichelewa kukusanya kwa sababu ya matope. Alifika kona saa moja na dakika hamsini. Foleni ya pili ilikuwa na magari ishirini na sita. Nilipiga hesabu kichwani, sikuhitaji karatasi: angevuka saa nne na nusu. Ndiyo ingekuwa mara ya tatu.

Nilimwona kupitia kioo, mikono miwili kwenye usukani, anatazama mbele. Alikuwa haoni foleni. Alikuwa anamwona Marta.

Kisha Bibi Zuhura akainuka kwenye jiwe lake. Lilikuwepo gari kubwa la kijani linamngoja, dereva ameshamfungulia mlango. Akalipita. Akatembea na fimbo yake pembeni mwa foleni, gari kwa gari, mpaka kwenye pikapu ya maziwa, akagonga kioo, akamwita Aron kwa Kisambaa.

"Mgosi, fungua."

"Shikamoo bibi. Hili ni gari la maziwa."

"Marahaba. Kwani mimi nitayanywa? Fungua, mvua inaninyeshea."

Nani atamwambia mzee abaki kwenye mvua? Aron akafungua. Bibi akapanda, akaweka kapu mapajani, kisha akachungulia nje kunitazama mimi moja kwa moja.

"Bado mmoja," akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

Abubakari akanitazama. Dereva wa karoti akanitazama. Nikampa Abubakari daftari na mwavuli, nikakimbia kwenye matope na miaka yangu sitini na mitatu, nikapanda, nikampita bibi mpaka kiti cha katikati. Mhesabu mzima, mteule wa mkutano, nimekuwa abiria wa kupitishia kona. Aron akatoka kwenye mstari wake akaingia foleni ya waliojaa, akawa wa saba. Tulivuka saa mbili na dakika tatu.

Ng'ambo ya kona Aron akapunguza mwendo ili bibi ashuke.

"Unasimama nini?" bibi akauliza. "Twende."

"Bibi, nafika mpaka Mombo."

"Kwani Mombo kuna ubaya gani?"

Tukaenda. Lushoto tukaipita, Soni tukaipita, keni zinagongana nyuma. Mimi nimebanwa katikati. Kwenye kona za kuteremkia ndipo bibi akakohoa kidogo.

"Leo mbona huimbi?"

Masikio ya Aron yakawa mekundu, na yeye ni mweusi.

"Kila asubuhi nikiwa pale kwenye jiwe nakusikia," bibi akaendelea. "Unafunga vioo lakini nakusikia. Foleni ikiwa ndefu na mimi nafurahi, maana unaimba nyimbo zote. Si za dini yangu, lakini sauti haina neno. Leo umemwona mkeo ukanyamaza?"

Nilimtazama mume wangu. Miaka miwili nilidhani amekalia viti vitatu kwa choyo. Alikuwa anatafuta sauti yake, mahali ambapo hakuna mtoto wa kucheka wala mke wa kumhurumia. Nimeishi naye miaka thelathini na minane na sikuwahi kumuuliza kwa nini hasimami. Niliona haya mbele za watu, basi nikatosheka na haya yangu.

"Baba Anord," nikasema. "Mimi nitatazama dirishani."

Tulikwenda kona tatu nzima. Kisha akaanza, chini sana, ule wimbo wa Pasaka ambao besi yake ilikuwa nyembamba. Ufa upo. Unasikika kwenye noti za juu, kisha anashuka na sauti inakuwa ileile iliyonitoa kwetu. Nilitazama dirishani kama nilivyoahidi, lakini nililia sana, na bibi akanipa ncha ya khanga yake nijifute.

Tulifika Mombo saa tatu kasoro dakika kumi. Mpimaji akapima, akaitikia kwa kichwa, keni zote zikaingia. Bibi Zuhura alikunywa chai ya maziwa na mandazi mawili barabarani, akatazama mabasi ya Moshi yanavyopita, akasema mji umekuwa mkubwa. Mara ya mwisho kuteremka alikuwa na mzee wake.

Jumatano, 30 Aprili

Mkutano. Nilisimama nikasema kila kitu. Kwamba robo saa za wiki ya kwanza zilipita nusu tupu, na bado zilibeba watu wengi. Kwamba zilizofuata zilijaa, na hazikubeba kitu. Kwamba nimehesabu bibi mmoja mara nyingi kuliko kaya za maziwa, na nilipogundua nikanyamaza siku kumi na tatu kwa kuogopa kuchekwa. Na kwamba Jumatatu gari la udanganyifu lilikuwa letu, na abiria bandia nilikuwa mimi.

Walicheka, ndiyo. Walicheka mpaka Happiness akagonga meza. Kisha dereva wa karoti akasema, "Mwalimu, na hilo umelihesabu?" wakacheka tena, na nilikuta nami nacheka.

Tulikaa saa mbili. Foleni mbili zimebaki, kwa sababu bila hizo tutarudi kusukumana. Ila anayevuka kona na kushuka si abiria. Nafasi zitakazobaki robo saa ikiwa karibu kwisha wapewe wengine, dakika tano za mwisho, Happiness amekubali kwa shingo upande. Na maziwa ya Kwai yanaingia foleni ya kwanza, dereva akiwa peke yake au hayupo peke yake. Nilipiga kura mimi wa kwanza. Aron alikuwa mlangoni. Safari hii alipiga makofi, mara mbili, akarudisha mikono mfukoni.

Jumatatu, 5 Mei

Magari saba, watu arobaini na moja, kaya thelathini na moja. Jiwe halina mtu. Nimekumbuka marahaba.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua inapungua. Katapila limefika.

Jumamosi, 24 Mei

Wamefungua njia zote mbili jana. Nimerudisha kiti na mwavuli ofisini. Abubakari ameomba abaki na kibendera, amekipigilia ukutani kwenye duka lake.

Leo asubuhi Aron aliponiona nimevaa viatu vya safari hakuuliza. Alifuta kiti. Tulipofika kona hapakuwa na foleni wala honi, lami mpya imenyooka, tungeweza kupita bila kupunguza mwendo. Lakini kwenye jiwe alikuwa amekaa Bibi Zuhura, kilemba kichwani, kapu mapajani. Hakutupungia. Alikuwa anatazama tu magari yanavyopita mawili mawili, haraka, na hakuna hata moja lenye haja naye.

Aron akakanyaga breki. Akashuka kwenye mvua ndogo, akazunguka, akamfungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Umeamkaje?"

"Marahabaa, mwanangu. Mnafika wapi?"

"Mpaka Mombo."

Akapanda, nikasogea katikati. Aron akarudi kwenye usukani, akatazama barabara pana iliyo wazi mbele yetu.

"Mama Anord, tuko wangapi?"

"Watatu."

"Basi tumejaa," akasema, akashusha kioo, akaanza kuimba kabla hata gari halijaondoka.